Somo la wiki: Tairi jipya la pikipiki likiingia sokoni, liamini kwa kipimo

Kila mwenye duka la vipuri anaijua hali hii. Wakala anashuka na sampuli mbili za tairi la pikipiki ambalo halijapata kuonekana Bisibo. Anasema ni toleo jipya, limetengenezwa kwa safari ndefu, bei yake ya jumla iko chini ya lile lililozoeleka, na anataka jibu kabla gari halijaondoka kwenda Biharamulo. Mwenye duka analiminya tairi kwa kidole gumba, analinusa, analigeuza. Linang'aa na kashata zake ni nzito. Je, azamishe mtaji wake humo?

Swali hilo linamhusu pia mwekezaji mdogo aliyenunua pikipiki moja au mbili na kuwakabidhi vijana wa bodaboda kwa hesabu ya kila siku. Tairi baya kwake ni siku za pikipiki kulala, na linaweza kuwa roho ya mtu. Kwa dereva anayeshuka mlima wa Ngara akiwa na abiria nyuma, tairi likichanika hakuna nafasi ya kujadili bei.

Safu hii haitataja tairi gani linunuliwe. Itaeleza jinsi mfanyabiashara anavyoweza kulipima tairi geni kabla ya kuliamini, na jinsi ya kupanga mtaji ili akikosea asifilisike.

TULIKOTOKA

Zamani mnunuzi wa tairi katika Afrika Mashariki alikuwa na viwanda vya karibu vya kuviuliza. Arusha kulikuwa na General Tyre, ambacho uzalishaji wake ulisimama mwaka 2009. Nairobi kulikuwa na kiwanda kilichotengeneza matairi ya Yana, mali ya kampuni ya Sameer Africa, nacho kilifungwa mwaka 2016. Tairi likileta matatizo, malalamiko yalipanda basi na kufika kiwandani.

Leo tairi linalouzwa Ngara au Biharamulo kwa kawaida limevuka bahari. Kati ya kiwanda na duka la Bisibo wapo mwagizaji, muuzaji wa jumla, wakala na pengine mchuuzi wa gulioni. Kila mmoja amelishika siku chache tu, na kila mmoja atasema kosa si lake. Mnyororo ukiwa mrefu hivyo, anayebaki uso kwa uso na mteja ni mwenye duka.

Aidha, jina geni si lazima liwe la kiwanda kigeni. Kampuni ya TVS Srichakra ya India imetengeneza matairi kwa miaka mingi, lakini jina la Eurogrip ililizindua mwaka 2019. Mnunuzi aliyelikuta jina hilo mara ya kwanza angeweza kudhani kampuni imezaliwa jana. Kinyume chake pia hutokea, yaani jina linalofanana na la kampuni maarufu kwa herufi moja tu, huku mtengenezaji hajulikani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala liwe: nani ametengeneza, na wapi? Jibu liwe limechapwa kwenye tairi lenyewe. Maneno ya wakala peke yake hayatoshi.

MAANA YA TAIRI LA SAFARI NDEFU

Katika nchi ambako watu husafiri kwa pikipiki kubwa, tairi la safari ndefu ni aina inayojitegemea. Kampuni ya Michelin, kwa mfano, mwaka 2022 ilitoa Road 6. Matairi ya aina hiyo hutengenezwa kwa ajili ya lami. Mengi huwa na mpira mgumu katikati ili yasiishe haraka, mpira laini pembeni ili yashike barabara kwenye kona, na mifereji ya kutoa maji wakati wa mvua.

Hayo yote ni mema, ila yana mahali pake. Dereva anayefanya kazi kwenye barabara kuu ya Nyakanazi, Lusahunga na Rusumo anaweza kufaidi tairi lenye mifereji ya lami. Yule anayeingia vijijini kubeba ndizi, maharage au kahawa kwenye njia za changarawe na udongo mwekundu anahitaji meno yaliyoachana ili tope lisijae. Tairi la lami kwenye utelezi wa Aprili ni sawa na kandambili kwenye matope.

Hivyo, kabla ya kuuliza kama tairi ni zuri, uliza ni zuri kwa nani. Mwenye duka achukue daftari na kuhesabu wateja wake 20 wa mwisho: wangapi ni wa lami na wangapi ni wa njia za ndani? Ikiwa 15 ni wa njia za ndani, basi hata tairi bora kabisa la lami lisichukue zaidi ya robo ya mtaji wake wa matairi.

KUSOMA MAANDISHI YA UBAVUNI

Stika huchapwa popote. Maandishi yaliyosimama kwenye mpira hutoka ndani ya kalibu ya kiwanda, na kuyaghushi ni kazi kubwa zaidi. Soma yafuatayo:

1. Saizi. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia saizi kama 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Usikubali kuambiwa kwamba "itaingia tu."

2. Uzito na mwendo. Mfano ni 50P. Namba 50 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 190; 47 ni kilo 175; 52 ni kilo 200. Herufi P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa, na L ni 120. Tairi lisilo na alama hizi halijakuambia uwezo wake, nawe huwezi kumweleza mteja.

3. PR. 4PR na 6PR huonyesha uimara wa mwili wa tairi katika kubeba mzigo. Kati ya matairi ya saizi moja, 6PR limekusudiwa mzigo mkubwa kuliko 4PR. Wakala akishusha bei, angalia kama hakukubadilishia kutoka 6PR kwenda 4PR.

4. TT au TL. TT ni tairi la kutumia tyubu. TL ni lisilohitaji tyubu likifungwa kwenye rimu inayofaa. Rimu ya kawaida ya spoku hupitisha upepo, hivyo dereva mwenye spoku bado atahitaji tyubu. Mweleze kabla hajalipa.

5. Tarehe. Tafuta tarakimu 4 ndani ya umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 1425 ni wiki ya 14 ya mwaka 2025. Ukikuta tarakimu 3 tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000.

6. Alama ya ukaguzi. Herufi E yenye namba, ndani ya duara, huonyesha kwamba aina hiyo ya tairi imeidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Herufi DOT ni za utaratibu wa Marekani, na huwekwa na mtengenezaji mwenyewe akithibitisha kwamba ametimiza masharti.

Kipengele cha tarehe kina kisa. Mwandishi wa safu hii alipata kununua tairi la nyuma katika duka moja mjini, likiwa na stika ya toleo jipya. Alipofika nyumbani ndipo akasoma tarakimu na kukuta tairi lilitengenezwa zaidi ya miaka 5 nyuma. Nyufa ndogo zilionekana ubavuni kabla kashata hazijafika nusu. Jina lilikuwa jipya sokoni kwetu, lakini mpira ulikuwa mzee. Baadhi ya viwanda vikubwa, Michelin kikiwamo, hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutumika miaka 5, na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama meno bado yapo.

HESABU YA MZIGO

Madereva wengi hulaumu tairi kwa kosa la mzigo. Tuchukue mfano. Pikipiki ina kilo 120, dereva kilo 65, na mzigo kilo 120. Jumla ni kilo 305. Mzigo ukikaa nyuma, tuseme theluthi mbili za uzito zinaangukia gurudumu la nyuma, yaani kama kilo 203. Tairi lenye namba 50 uwezo wake ni kilo 190. Limezidiwa tangu siku ya kwanza, liwe jipya au la zamani, la jina kubwa au dogo.

Mzigo ukipungua hadi kilo 90, jumla inakuwa kilo 275, na nyuma panakuwa na kama kilo 183. Sasa tairi liko ndani ya uwezo wake, ilimradi upepo ni ule ulioandikwa. Upepo pungufu hulifanya tairi lijikunje kila mzunguko, joto likapanda na mpira ukaachana na nyuzi. Mwenye duka asiyekuwa na kipimo cha upepo atarudishiwa matairi mengi mazuri yakiitwa mabaya.

JINA KUBWA SI KINGA, SAMPULI NZURI SI MKATABA

Wapo wanaosema dawa ni kununua majina makubwa tu. Historia haiwaungi mkono moja kwa moja. Agosti 2000, kampuni ya Bridgestone/Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5 huko Marekani baada ya vifo vilivyohusishwa na kukanyagio la tairi kuachana na mwili wake, hasa kwenye magari ya Ford Explorer. Ni moja ya majina ya zamani kabisa katika biashara hii.

Kisa kinachomgusa zaidi mfanyabiashara mdogo ni cha mwaka 2007. Kampuni ndogo ya uagizaji, Foreign Tire Sales ya New Jersey, ilikuwa ikinunua matairi ya magari kutoka kiwanda cha Hangzhou Zhongce cha China. Kwa maelezo ya mwagizaji, malalamiko ya wateja yalianza kuongezeka, na alipofuatilia aligundua kwamba ukanda wa mpira unaowekwa kati ya mikanda ya waya ili isiachane ulikuwa umeondolewa au kupunguzwa bila yeye kuarifiwa. Ajali ya mwaka 2006 katika jimbo la Pennsylvania iliua watu 2, na kesi ikafunguliwa. Mwagizaji aliitaarifu serikali kuhusu matairi yapatayo 450,000, idadi iliyopunguzwa baadaye, huku akisema hana uwezo wa kugharimia zoezi zima la kuyarudisha. Kiwanda kilikana kwamba matairi yake yana kasoro.

Hapa somo ni mawili. Kwanza, sampuli ya mwanzo inaweza kuwa nzuri na shehena ya baadaye ikawa tofauti, kwa hiyo kupima hakuishii kwenye ununuzi wa kwanza. Pili, mzigo wa lawama humwangukia aliye karibu na mteja. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, nayo inamtaka muuzaji wa aina fulani ya bidhaa kutoa bidhaa yenye ubora unaofaa kuuzwa. Kusema "mimi nimeletewa tu" hakumwondolei mwenye duka deni lake kwa mteja.

JARIBIO LA MATAIRI SITA

Tuone sasa hesabu ya mtaji. Tuseme mwenye duka anakubali ushawishi wa wakala na kununua matairi 40 kwa Sh 42,000 kila moja. Mtaji uliozama ni Sh 1,680,000. Akiyauza yote kwa Sh 50,000 anapata Sh 2,000,000. Faida kabla ya nauli, pango na kodi ni Sh 320,000.

Yakirudishwa 6 naye akarejesha fedha za wateja, faida inashuka hadi Sh 20,000. La 7 likirudi, ameingia hasara ya Sh 30,000. Yakirudi 8, yaani 1 katika kila 5, hasara ni Sh 80,000. Kwa hiyo si lazima matairi yote yawe mabaya ili duka liyumbe. Machache tu yanatosha. Na bado hatujahesabu wateja ambao hawatarudi kabisa.

Badala yake, anunue 6 tu. Fedha inayohatarishwa ni Sh 252,000. Kisha afanye hivi:

Kwanza, ayapime kwenye mizani ya dukani. Matairi ya aina moja, saizi moja na PR moja yanapaswa kukaribiana sana kwa uzito. Tofauti kubwa ni dalili kwamba kiwanda hakina mkono mmoja.

Pili, ayaviringishe kwenye sakafu iliyonyooka na kuyatazama ndani. Uvimbe, nyuzi zilizojitokeza, au ukingo wa chuma uliopinda kwa kubanwa safarini ni sababu za kulikataa tairi papo hapo.

Tatu, awauzie madereva 6 anaowafahamu, 3 wa lami na 3 wa njia za ndani, kwa makubaliano kwamba watarudi kila baada ya wiki mbili kupimwa. Aandike kilomita za kwenye dashibodi siku ya kufunga. Awaonye pia kwamba tairi jipya lina uso laini unaoteleza. Kilomita 160 za mwanzo waende polepole na wasilalie kona.

Nne, apime kina cha mfereji katikati ya tairi. Kipimo chenyewe ni cha bei ndogo, na rula nyembamba yenye milimita pia hufaa. Dereva anayekimbia kilomita 100 kwa siku hufikisha 3,000 kwa mwezi. Tuseme kina kilikuwa milimita 6, na baada ya kilomita 3,000 kimebaki 4.5. Limeliwa milimita 1.5. Tukiacha milimita 1 ya usalama, kuna milimita 5 za kutumia. 5 gawanya kwa 1.5, zidisha kwa 3,000, unapata kilomita 10,000. Hayo ndiyo makadirio ya maisha ya tairi hilo kwenye barabara zetu, kwa mizigo yetu. Hakuna wakala anayeweza kukupa takwimu hiyo.

Tano, wa lami na wa njia za ndani waandikwe kurasa tofauti. Wastani wa pamoja utakudanganya.

KWA MWENYE PIKIPIKI

Mwekezaji wa bodaboda aangalie gharama kwa kilomita, bei ya dukani haimpi picha kamili. Tairi la Sh 50,000 linalokwenda kilomita 6,000 linamgharimu kama Sh 8.30 kwa kilomita. La Sh 72,000 linalokwenda 10,000 ni Sh 7.20. Kwa kilomita 30,000 la kwanza litahitaji matairi 5, Sh 250,000. La pili 3, Sh 216,000. Ameokoa Sh 34,000, na pikipiki imelala kwa fundi mara mbili pungufu.

Makubaliano na dereva yaseme wazi nani ananunua tairi. Pale ambapo dereva analipa hesabu tu na tairi ni la mwenye pikipiki, dereva hana sababu ya kujali upepo. Pale ambapo dereva ananunua mwenyewe huku hesabu ikimbana, atatembelea kipara mpaka waya uonekane. Njia ya kati ni kuchangia: mwenye pikipiki atoe sehemu kubwa, dereva atoe kiasi, na kila mmoja aumie kidogo tairi likifa mapema.

KARATASI NA UTUNZAJI

Ukinunua kwa jumla, dai risiti ya EFD yenye jina la muuzaji, idadi na aina ya tairi. Muulize mwagizaji cheti cha ukaguzi wa bidhaa kabla ya kusafirishwa, utaratibu ambao Shirika la Viwango Tanzania (TBS) liliuanzisha mwaka 2012. Ukishuku kwamba nembo imeghushiwa, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Andikiana na wakala kwamba yenye kasoro ya kiwanda yatabadilishwa ndani ya muda fulani. Wakala anayekataa kutia sahihi karatasi hiyo amekwisha kukupa jibu kuhusu bidhaa yake.

Hata hivyo, tairi zuri linaweza kuharibikia dukani. Desturi ya kuyaning'iniza matairi mlangoni ili wapita njia wayaone huyaanika juani mwaka mzima. Jua, joto, mafuta ya petroli, na hewa inayotoka kwenye mashine za kuchomelea huchakaza mpira. Ning'iniza moja la kuonyesha, mengine yakae ndani kwenye kivuli, na yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka.

ZOEZI LA WIKI

Msomaji achukue tairi lolote lililo karibu naye, dukani au kwenye pikipiki yake, aandike saizi, namba ya uzito, PR na tarakimu 4 za tarehe. Kisha ajumlishe uzito wa pikipiki, dereva na mzigo wa kawaida, atafute theluthi mbili, na alinganishe. Wengi watagundua kwamba tairi walilokuwa wakilisifu limezidiwa, au lile walilokuwa wakilitukana lilionewa.

Wakala mwenye sampuli atarudi tena, na haraka yake itakuwa ile ile. Mpe chai, mwonyeshe daftari, mwambie unachukua 6. Mwenye bidhaa njema atakubali, kwa kuwa anajua mwezi ujao utaagiza 40.